A Moja Haitoshi: Hotuba Kuhusu Fonti za Kuchorwa kwa Mkono

Wabunifu wenzangu, mafundi wa mabango na stika, wanafunzi wa sanaa, nanyi wenye maduka ya uchapishaji mlioacha mashine zikinguruma River Road na Kirinyaga Road: hamjambo, na asanteni kwa kufika.

Mada yetu ni fonti za mapambo zinazochorwa kwa mkono. Mnazijua. Herufi nene, pembe zimeviringwa, moja imeinuka kidogo, jirani yake imeinama, na mteja akiziona tu husema, "Hiyo ndiyo nataka." Ziko kwenye vibanda vya chipsi, paketi za karanga, fulana, vitabu vya watoto, kadi za sherehe za kuzaliwa, na matangazo yasiyohesabika yanayozunguka kwenye WhatsApp kila Ijumaa. Nina jambo moja la kusema juu yake, na mengine yote yanatoka humo. Herufi ya mkono hupendeza kwa sababu haijirudii, ilhali Kiswahili ni lugha inayorudia herufi moja kupita zote. Fonti nyingi tunazopakua zilijaribiwa kwa maneno ya Kiingereza. Zikifika kwenye bango letu zinaharibika, na mbunifu anabaki kujiuliza kwa nini kazi yake ina sura ya haraka haraka.

Basi tuanze na neno hilo hilo, HARAKA. Lina A tatu katika herufi sita. "Samaki wa kukaanga" ina a sita. "Chapati maharagwe" ina tano. Kwa fonti ya gazeti au ya fomu ya benki hilo si tatizo, kwa kuwa hakuna anayetarajia herufi za gazeti zitofautiane. Fonti inayodai kutoka kwenye brashi ni jambo jingine. A tatu zenye mkia uleule, zimeinama upande uleule, zina doa lilelile la wino kwenye mguu wa kushoto, zinamwambia msomaji kwamba hapa hakuna mkono wa mtu. Huenda asiweze kulitaja kosa, lakini ataliona.

Watengenezaji wa fonti wanaijua shida hii, na dawa yao ni maumbo mbadala: kila herufi inachorwa zaidi ya mara moja, na fonti inayabadilisha yenyewe mtu anapoandika. Fonti ya bei ya chini huwa na maumbo mawili yanayopokezana zamu: herufi ya kwanza ya neno inachukua fungu la kwanza, ya pili fungu la pili, ya tatu inarudi la kwanza. Kwa Kiingereza mpango huo unaleta utofauti wa kutosha. Sasa upelekeni kwenye HARAKA. H fungu la kwanza, A la pili, R la kwanza, A la pili, K la kwanza, A la pili. A zote tatu zimeangukia fungu moja! Silabi zetu kwa kawaida ni konsonanti na irabu, kwa hiyo irabu hukaa nafasi ya pili, ya nne, ya sita, na zamu ya mbili kwa mbili inazikuta palepale kila mara. Mbunifu amelipia maumbo mawili na anaona moja.

Maumbo matatu yanasaidia. HARAKA ikipewa zamu ya tatu kwa tatu, A zinatoka ya pili, ya kwanza, ya tatu. Safi. Lakini jaribuni KARANGA. Pale NG inapoingia, umbali kati ya A na A unakuwa hatua tatu badala ya mbili, na A mbili za mwisho zinafanana tena. Kwa hiyo kwa Kiswahili zamu ya nafasi haitoshi hata ikiwa na mafungu matatu. A inahitaji kanuni yake yenyewe, inayoangalia A iliyotangulia bila kujali imekaa wapi.

Wenye kutengeneza fonti, andikeni hivi. Chora A tatu. Tengeneza kundi la kila kitu kisichokuwa A: konsonanti, irabu nyingine, na nafasi tupu kati ya maneno. Kisha, ndani ya kipengele kiitwacho calt, weka kanuni kwamba A inayokuja baada ya A ya kwanza igeuke ya pili, na inayokuja baada ya A ya pili igeuke ya tatu. Baada ya A ya tatu huhitaji kanuni, kwa sababu A inayofuata inabaki ya kwanza. Umbali uanze sifuri, kama katika "kukaanga", hadi herufi nne katikati. Hizo ni kanuni 10 tu, na zote ziwe ndani ya lookup moja, yaani orodha moja ya kanuni inayosomwa kwa mpigo mmoja, ili fonti itembee kutoka kushoto kwenda kulia ikiona mabadiliko iliyokwisha kufanya. Ukizigawa katika lookup kumi, kila moja inapita sentensi nzima kivyake na matokeo yanachanganyika. Kosa jingine linalopatikana sana ni kusahau kuweka maumbo mbadala ya herufi nyingine ndani ya lile kundi. R ikigeuka R ya pili, na R ya pili haimo kwenye kundi, mnyororo unakatika hapo na A inayofuata inarudi kuwa ya kwanza. Na msisahau nafasi tupu: bila hiyo, kila neno litaanza na A ileile.

I na u zinastahili maumbo mawili mawili angalau, pamoja na n, k, m na w. Q na x zichorwe mara moja. Hazimo katika maneno yetu, ingawa lazima ziwepo kwa ajili ya majina. Anayechora kwa ajili ya Kiingereza hutumia nguvu zake kwenye e na t. Sisi nguvu zetu ziende kwenye a.

Wasiotengeneza fonti nao wana la kufanya. Fonti nyingi za mapambo zina herufi kubwa pekee, ila mtengenezaji ameweka umbo moja kwenye herufi kubwa ya kibodi na jingine kwenye herufi ndogo. Hapo badilisheni kwa mkono, mkifuata A na si nafasi. Andika HAraKA, si HaRaKa. Ya pili inaonekana ya mpangilio, lakini a zote zimetoka ndogo. KARANGA iandikwe KAraNgA. Ni kazi ya sekunde chache, na bango linabadilika sura.

Hakikisheni pia programu yenu inayasoma yale maumbo mbadala yanayojibadilisha yenyewe. Illustrator na InDesign huyawasha zenyewe, na vivinjari vya intaneti vivyo hivyo. Word huyazima mpaka uende kwenye ukurasa wa pili wa dirisha la fonti ukaweke alama. CorelDRAW, ambayo ndiyo iliyo kwenye kompyuta za wachapishaji wengi mjini, ilianza kuyasoma katika toleo la X6. Ukipeleka faili hai, yaani ambayo maandishi yake hayajageuzwa kuwa mistari, kwenye toleo la zamani zaidi, utofauti wote ulioutafuta unapotea, na fundi hana kosa.

Tutoke kwenye marudio twende kwenye usomaji, kwa kuwa fonti ya kuchekesha isiyosomeka imeshindwa kazi.

A ndogo ina sura mbili. Kuna ile ya daftari la mtoto, duara lenye kijiti upande wa kulia, na kuna ile ya vitabu, yenye paa juu. Wachoraji wa fonti za furaha hupenda ya kwanza kwa sababu ina utoto ndani yake. Lakini brashi ikienda haraka kijiti kinafupika, duara linajifunga, na kutoka ng'ambo ya barabara a inakuwa o. Kwetu hilo ni jambo kubwa. "Chama" inasomeka "choma", "kata" inasomeka "kota", "pasha" inakuwa "posha". Irabu ndizo zinazobeba neno la Kiswahili, na irabu mbili zikifanana hakuna konsonanti ya kuliokoa. Kwa bango la barabarani nachagua a yenye paa bila kusita. Kwa kitabu cha watoto, a ya duara inafaa, mradi kijiti kipande juu ya duara kwa uniti 40 hadi 60 kati ya 1,000 (uniti ni kipimo cha ndani cha fonti) na mkia wake uonekane.

Neno la pili la kujaribia ni "mnunuzi". Herufi tano za mwanzo zote ni vilima na mabonde, na fonti ya mwandiko wa kuunganisha inayageuza kuwa wimbi moja lisilo na mwanzo. "Umuhimu" ina ugonjwa huohuo. Fonti nzuri hutofautisha: m ina migongo ya mviringo, w ina chini yenye ncha, u ina mkia mfupi kulia, n haina. Ukiona mnunuzi haisomeki, tafuta fonti nyingine. Kuongeza nafasi kati ya herufi hakutasaidia mwandiko wa kuunganisha, kwa sababu viungo vitakatika.

Kisha kuna ritifaa. Buchari ndiyo mteja mkubwa wa mabango mtaani, na kila buchari inauza nyama ya ng'ombe. Katika fonti iliyopimwa kwa Kiingereza, ritifaa huja na nafasi pana kulia na kushoto, na "ng'ombe" inapasuka vipande viwili, "ng" huku na "ombe" kule. Ipewe uniti 20 hadi 30 tu kila upande, kisha jozi ya g na ritifaa isogezwe ndani kama 30, na ya ritifaa na o kama 40. Angalieni pia kama fonti ina ritifaa zote mbili, ile iliyonyooka ya kibodi na ile iliyopinda ambayo programu huiweka yenyewe. Moja ikikosekana, utapata kisanduku kitupu katikati ya ng'ombe.

Bei zetu huandikwa 50/= au 50/-. Fungueni fonti ishirini za bure za mkono, mtakuta nyingi zina alama ya dola iliyochorwa kwa upendo mkubwa, na alama ya usawa haipo kabisa. Programu inaazima ile ya fonti nyingine, na bei inatoka na = nyembamba ya mashine ikining'inia kando ya tarakimu za brashi. Anayechora fonti kwa soko la Nairobi aanze na mkwaju, alama ya usawa na kistari kabla ya dola. Na kwa kuwa mji huu unaandika lugha zaidi ya moja, aweke ĩ na ũ za Gĩkũyũ na Kĩkamba, kubwa na ndogo: U+0128, U+0129, U+0168 na U+0169. Ni herufi nne. Kiwimbi cha juu kichorwe kwa brashi ileile, kisiwe kimenakiliwa kutoka fonti nyingine.

Sasa kusogeza jozi. Kwa herufi kubwa, WA na YA ndizo jozi zinazojitokeza kila mahali kwetu, maana zinasimama peke yake kama maneno: SUPU YA MBUZI, WALI WA NAZI. Katika fonti yenye urefu wa uniti 1,000, anzeni na 70 ndani kwa WA, 90 kwa YA, 80 kwa TA na VA, kisha jicho liamue. Fonti nene yenye pembe za mviringo itahitaji pungufu.

LA ni kesi ya peke yake, na inastahili dakika kadhaa. Andikeni MAZIWA LALA kwa fonti yoyote nene. Mguu wa L unaenda kulia chini, mguu wa A unakuja kushoto chini, na miguu inagusana. Lakini juu ya mguu wa L kuna shimo, na mteremko wa A unalipanua. Ukisogeza ndani, miguu inapandana na shimo bado lipo. Ukiacha, LALA inasomeka L AL A. Namba ya kusogeza haitaliponya shimo hilo, dawa iko kwenye mchoro. Njia ya kwanza ni kukata mguu wa L ubaki theluthi mbili ya upana wake. Ya pili ni kuchora umbo moja la pamoja, A ndogo kiasi imekaa juu ya mguu wa L, na kuliweka kama kiunganishi kinachojitokeza chenyewe L ikifuatwa na A. Ya tatu, ya wale wasiogusa fonti, ni kulegeza nafasi za jozi nyingine zote za neno hadi shimo la LA lilingane nazo. Mimi naipenda ya pili. Fonti za mkono ndizo zenye ruhusa ya kufanya hivyo bila kuonekana zimelazimisha.

Kuchora kwenyewe. Msichore kwa kufuata alfabeti. Mkono unaochora a, b, c, d unachora sampuli, na sampuli haina mwendo. Chora maneno: haraka, kukaanga, ng'ombe, mnunuzi, vyakula. Rudia kila neno mara nane au kumi, kisha chagua a tatu zinazotofautiana kwa kweli, na si zile tatu nzuri zaidi. Mara nyingi zile nzuri zaidi ni pacha. Tumia karatasi ya gramu 120 au zaidi. Ile ya gramu 80 ya fotokopi inanyonya wino, na kingo zinatoka na manyoya. Weka chini yake karatasi yenye mistari miwili iliyokolea, umbali wa sentimita 5, huo ndio urefu wa herufi kubwa. Kwa mpango wa kawaida herufi kubwa huwa na uniti 700, kwa hiyo milimita moja ya karatasi ni uniti 14, na hapo unaweza kupima kila kitu kwa rula.

Kinachofanya fonti icheze ni vitu vichache, na vyote vina kiasi. Herufi ipande au ishuke kutoka mstari wa chini kwa milimita mbili au tatu, yaani uniti 28 hadi 42. Ikipita 60, maneno yanaonekana yanaanguka, na mstari wa juu unagongana na wa chini. Mwinamo uwe digrii 2 hadi 4, kushoto na kulia kwa kubadilishana. O na S zivuke mistari kwa milimita moja juu na chini, la sivyo zitaonekana fupi kuliko H. Unene wa mkono mmoja wa herufi, yaani mchirizo wake mmoja, utofautiane kidogo na mwingine, lakini wastani wa fonti nzima ubaki mmoja. Hapo ndipo wanaoanza hukosea: a imechorwa asubuhi kwa brashi mpya na k jioni kwa brashi iliyochoka, na neno KAKA linatoka na mabaka meusi.

Skani kwa dpi 600. Herufi ya sentimita 5 itakuwa na pikseli takriban 1,180 kwa urefu, na zinatosha. Geuza kuwa nyeusi na nyeupe tupu kabla ya kuifuatisha, yaani kuigeuza kuwa mistari, katika programu ya Inkscape. Programu ikifuatisha rangi za kijivu, inaweka nukta kila mahali. Baada ya kufuatisha, a moja inaweza kuwa na nukta 150 ilhali 20 hadi 40 zinatosha kwa brashi laini. Ondoa zilizozidi, weka nukta kwenye ncha za juu, chini, kushoto na kulia za kila mkunjo, kisha ingiza FontForge, programu ya kutengeneza fonti, ambayo ni ya bure. Kabla ya kutoa faili, unganisha maumbo yanayopandana, sahihisha mwelekeo wa mistari, na angalia kimo cha juu kabisa kilichoandikwa kwenye taarifa za fonti. Kimo hicho kikiwa kidogo kuliko Ũ kubwa, programu nyingine za Windows zitakata kiwimbi chake kwenye skrini.

Fonti iko tayari. Itumike wapi?

Ikae pale penye maneno machache na nafasi kubwa. Furaha ya herufi hizi ina historia ndefu, na historia hiyo inafundisha. Mwaka 1922 Oswald Cooper wa Chicago alitoa Cooper Black, nene na laini, na bado inauza bidhaa. Mwaka 1994 Vincent Connare, akiwa Microsoft, alianza Comic Sans baada ya kuona mbwa wa katuni katika programu ya Microsoft Bob akizungumza kwa Times New Roman. Alikuwa sahihi. Mbwa wa katuni hawezi kuzungumza kwa herufi za gazeti. Fonti haikuwahi kuingia kwenye Bob, ikatoka na Windows 95 Plus!, na watu wakaitia kwenye barua za kazi na matangazo ya matanga. Lawama iliyoiangukia naiona si ya haki. Ilichorwa kwa ajili ya kiputo cha katuni chenye maneno matano au sita, ikalazimishwa kubeba kurasa.

Kwenye menyu, basi, iandike VITAFUNIO na VINYWAJI. Orodha yenyewe na bei zikae kwenye fonti tulivu. Kwenye paketi ya karanga ibebe jina la bidhaa. Viambato, uzito na tarehe ya mwisho wa matumizi visiiguse kabisa, kwa kuwa hayo mtu huyasoma akitaka kujua kama kitamdhuru. Na kuna sehemu moja ambayo nawasihi kwa moyo wote: namba ya Till, ile ya kulipia kwa simu. Tarakimu za mkono huchanganya 1 na 7, 3 na 8, 0 na 6. Mteja akikosea tarakimu moja, pesa inaenda kwa mtu mwingine, na mwenye kibanda anaambiwa hajalipwa. Namba ya Till iandikwe kwa fonti iliyonyooka, kubwa, na nafasi kati ya tarakimu.

Leso ilikwisha kulimaliza suala hili kitambo. Ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo na mji vinacheza, vimejaa maua, korosho na mawimbi. Jina, yaani yale maneno, limeandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooka ndani ya kisanduku chake. Nganya, zile matatu zilizopambwa, nazo hivyohivyo: mwili mzima una picha na herufi zinazowaka, lakini ule mstari wa manjano ulioletwa na kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, za aliyekuwa waziri wa uchukuzi John Michuki, unabaki mtulivu na mtu anajua gari ni la abiria hata asipotazama mengine. Mahali ambapo picha tayari inacheza, herufi itulie. Mkiwa na picha tulivu, kama ukuta wa rangi moja au sahani juu ya meza nyeupe, hapo ifungulieni fonti ya mkono ifanye kazi.

Ukubwa. Mafundi wa mabango wana kipimo kizuri: milimita 25 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Duka lililo mita 30 kutoka stendi linataka herufi za sentimita 25. Kwa fonti inayoyumba, ongezeni robo au zaidi, fikeni sentimita 32. Na hesabuni muda. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa Thika Road linapita mita 22 kila sekunde. Maneno matatu yanasomwa, manane hayasomwi, hata yawe mazuri vipi.

Stika za kukatwa kwa plota zina matatizo yake. Kisu kinafuata kila nukta, kwa hiyo fonti yenye kingo za kuparuza inachukua muda mrefu, inang'oa vinaili kwenye pembe, na fundi anayetoa mabaki anang'oa na vipande vya herufi. Kata kwa fonti yenye kingo laini, au rahisisha mistari kwanza, katika Inkscape ni Ctrl na L, ukiangalia herufi isipoteze sura. Mkono mwembamba zaidi usiwe chini ya milimita 3. Kama fonti ni ya kuunganisha, yeyusheni herufi zote ziwe umbo moja kabla ya kukata. Bila hivyo kisu kitakata ndani ya kila kiungo, na baada ya jua la wiki chache viungo vitaanza kuinuka.

Kwa fulana za kuchapwa kwa skrini, tatizo ni matundu. Tundu la a na la e likiwa chini ya milimita moja linajaa rangi. Kwa kudarizi, kingo za kuparuza hazitaonekana hata kidogo, kwa hiyo chagueni fonti nyingine au mchore upya maneno hayo. Na tangazo la WhatsApp la pikseli 1,080 kwa upana linaonekana kwenye simu likiwa na sentimita 6 au 7. Herufi ya pikseli 60 hapo haifiki milimita 4, na picha imeshabanwa. Herufi za mkono zisiwe chini ya pikseli 100.

Mwisho ni leseni, na hapa pana fursa ambayo wachache wanaitumia. Fonti nyingi za bure zimeandikwa kwamba ni za matumizi binafsi. Bango la mteja si matumizi binafsi, hata kama kibanda ni kidogo. Kwa kazi ya malipo, nunueni leseni au chukueni fonti zenye SIL Open Font License, toleo la 1.1 la mwaka 2007. Hiyo inaruhusu kazi ya biashara, na inaruhusu kuifungua fonti na kuibadilisha. Masharti ni kwamba fonti isiuzwe peke yake, toleo jipya libaki chini ya leseni ileile, na kama mwenyewe amehifadhi jina, lako liwe na jina lingine. Maana yake ni kwamba huhitaji kuanza kutoka karatasi tupu. Chukua fonti ya mkono unayoipenda iliyo chini ya leseni hiyo, iongezee a mbili, rekebisha ritifaa, unda kiunganishi cha LA, weka /=, ĩ na ũ, itoe kwa jina jipya na uiachie wengine. Hiyo ni kazi ya siku chache kwa mtu mmoja, na itamfaa kila buchari kutoka Kangemi hadi Kayole.

Mkipeleka kazi kwa mchapishaji, pelekeni PDF ambayo maandishi yamegeuzwa kuwa mistari, mkibaki na faili hai kwenu. Hapo maumbo mbadala mliyochagua hayawezi kubadilika njiani.

Karatasi za majaribio ziko mezani karibu na mlango. Zina maneno haya: HARAKA, KARANGA, MAZIWA LALA, samaki wa kukaanga, chama, choma, mnunuzi, nyama ya ng'ombe 250/=, Gĩkũyũ, na tarakimu zote kumi. Andikeni maneno hayohayo kwa fonti mnayotumia sasa, chapeni, bandikeni ukutani, msimame mita 3. Ikianguka kwenye choma au kwenye ng'ombe, ibadilisheni kabla ya kazi ya Jumatatu. Maswali nitayapokea sasa, tukianza na mafundi wa plota.